Kioo Kikubwa Ukutani: Namna ya Kukitungika Kisianguke

Msomaji, huenda ukashangaa kuona habari za kioo katika gazeti la wakulima. Umezoea kusoma hapa habari za mbolea, mbegu za viazi, kupe na maziwa. Lakini mkulima hulima ili apate nini? Hulima ili watu wake wale, watoto wasome, na nyumba yake ipendeze. Siku hizi ukiingia katika nyumba nyingi za Njoro, Molo, Bahati na Subukia, utaona sebuleni kioo kikubwa cha kujitazamia, kilichonunuliwa kwa fedha za maziwa au za viazi. Vingine vina kimo cha mtu mzima. Hilo ni jambo jema. Ubaya wake ni kwamba vingi vimetungikwa kwa msumari mmoja na kipande cha kamba.

Nami nalikuwa mmoja wa waliofanya hivyo. Mimi ni karani wa ofisi ya kilimo, na kabla ya kushika kazi ya ukarani nilisomea ualimu. Mke wangu alinunua kioo cha futi tano kwa futi mbili na nusu, chenye fremu ya mbao. Nikachukua msumari wa inchi nne, nikatafuta mahali ukutani ambapo ungeingia bila kunisumbua, nikaupigilia. Kazi yote ilinichukua muda wa kunywa kikombe cha chai. Kioo kikakaa majuma sita.

Usiku mmoja wa mvua za Aprili tukasikia kishindo. Nilipowasha taa nikaona vipande virefu vyenye ncha kama visu vimelala juu ya kigoda. Kigoda kile ndicho binti yangu hukalia kila asubuhi akivaa viatu vya shule. Ilikuwa saa tisa za usiku. Kama ingalikuwa saa kumi na mbili na nusu za asubuhi, nisingalikuwa na moyo wa kuandika habari hii.

Kulipopambazuka niliutazama ukuta. Msumari haukukatika wala haukupinda. Ulitoka mzima, pamoja na unga wa simiti na mchanga, kwa sababu niliupiga katika maungio ya mawe mawili. Ule wepesi wa kuingia ulionifurahisha ndio ulioniponza. Nikamwendea mzee mmoja seremala wa Elburgon, nikamweleza. Akaniuliza, "Karani, kioo chako kilikuwa na kilo ngapi?" Nikasema, "Mzee, sijui." Akaniuliza tena, "Na nyuma ya plasta mlikuwa na nini?" Nikasema sijui. Akasema, "Basi, mwanangu, hukutungika kioo. Ulikiweka tu kikisubiri kuanguka."

Maneno yake yaliniuma, maana mimi niliyewafundisha watoto wa watu hesabu darasani sikufanya hesabu nyumbani kwangu. Tangu siku ile nimewauliza mafundi wa mawe na wa mbao, nimejaribu kwa mikono yangu, na haya ndiyo niliyojifunza. Kazi yenyewe si ngumu. Inataka ujue mambo matatu: uzito wa kioo chako, ukuta wako umejengwa kwa nini, na njia ya kuviunganisha viwili hivyo.

KWANZA: UJUE UZITO

Uzito wa kioo hupatikana kwa hesabu nyepesi. Kioo chenye urefu wa meta 1, upana wa meta 1 na unene wa milimita 1 kina uzito wa kilo 2.5. Basi zidisha urefu kwa upana kwa meta, kisha zidisha kwa unene kwa milimita, kisha zidisha kwa 2.5. Jibu ni kilo.

Tuchukue mfano. Kioo kina urefu wa meta 1.8, yaani karibu futi sita, na upana wa meta 0.9, yaani futi tatu. Unene wake ni milimita 5. Zidisha 1.8 kwa 0.9 upate 1.62. Zidisha kwa 5 upate 8.1. Zidisha kwa 2.5 upate kilo 20 na robo. Hicho ni kioo peke yake. Ongeza fremu na ubao wa nyuma, ambavyo vyaweza kufika kilo 10. Jumla ni kilo 30 na zaidi kidogo.

Ikiwa hesabu inakuchosha, tumia mizani. Panda juu ya mizani ukiwa umekishika kioo, mwenzako asome. Kisha upande peke yako. Toa hesabu ya pili katika ya kwanza.

Kilo 30 ni sawa na jerikeni moja na nusu za maji, zile za lita 20. Jiulize: ungekubali kutungika jerikeni moja na nusu za maji juu ya kigoda cha mtoto, kwa msumari mmoja? Mimi ningekataa. Lakini kwa kuwa kioo ni chembamba na kinameremeta, macho yetu hudanganyika tukakiona chepesi.

KAMBA HUZIDISHA MZIGO

Watu wengi hufunga kamba au waya nyuma ya fremu, upande hadi upande, kisha huuning'iniza kwenye msumari. Hupenda kamba iwe imekazwa sana isionekane kwa juu. Hapo wanajidhuru bila kujua.

Wakumbuke watu wawili wabebao ndoo moja ya maji. Wakitembea karibu karibu, mikono yao ikielekea chini, mzigo hugawanyika vizuri. Wakitengana, mikono ikalala, kila mmoja huona ndoo imekuwa nzito kupita kiasi. Maji hayakuongezeka. Kilichobadilika ni mlalo wa mikono. Kamba ya kioo ni vivyo hivyo. Ikiwa kioo kina kilo 30 na kamba imeinama nyuzi 30 kutoka usawa, kila upande wa kamba huvutwa kwa nguvu ya kilo 30 nzima, si kilo 15 kama mtu angedhania. Kamba ikikazwa hadi ikabaki na nyuzi 10 tu, kila upande huvutwa kwa nguvu ya kilo 86. Nguvu hiyo hukata kamba, hung'oa pete za fremu, na huibana fremu yenyewe kwa ndani mpaka viungo vyake vinaachia.

Kwa hiyo kamba iachiwe picha na vioo vidogo. Kioo kinachozidi kilo 10 kisitungikwe kwa kamba.

PILI: UJUE UKUTA WAKO

Ukuta unaouona si ukuta utakaobeba. Rangi haibebi kitu. Plasta nayo haibebi kitu. Hapana budi ufike kwenye kitu kigumu kilicho nyuma yake. Katika sehemu zetu za Bonde la Ufa nyumba ni za namna nyingi, na kila namna ina njia yake.

Nyumba ya mawe. Mawe mengi tunayojengea hapa kwetu yametokana na majivu ya volkano yaliyogandamana zamani sana. Ni mepesi na huchongeka kwa urahisi, ndiyo sababu mafundi wanayapenda. Lakini hayana ugumu sawa. Toboa tundu katikati ya jiwe, kamwe usitoboe katika maungio. Utayajuaje maungio ikiwa ukuta umepigwa plasta? Toboa tundu dogo sana la kujaribia mahali patakapofunikwa na kioo. Unga ukitoka wa rangi ya jiwe na keekee ikienda kwa upinzani ule ule, uko ndani ya jiwe. Ukitoka mchanga wa kijivu na keekee ikatumbukia ghafula, umeingia katika maungio. Sogea inchi mbili au tatu, ujaribu tena.

Ukitumia mashine ya umeme ya kutobolea, zima ile nguvu ya kugonga unapotoboa jiwe laini. Kugonga hulipanua tundu na kulivunja kingo zake, na plagi haitashika. Tundu likiisha, litoe vumbi lote, maana plagi iliyokaa juu ya vumbi huzunguka pamoja na skrubu. Funga macho unapopuliza.

Plagi ninazosema ni zile za plastiki, ambazo mafundi wengine huziita fisha. Wazee hawakuwa nazo. Walichimba tundu kwa tindo, wakapigilia kabari ya mti mgumu kama mutamaiyo, kisha wakafunga skrubu ndani ya kabari. Njia hiyo bado ni nzuri katika jiwe laini, ila mti uwe mkavu kabisa. Mti mbichi hukauka ndani ya ukuta, ukapungua, ukalegea.

Nyumba ya mabanzi au ya mbao. Hizi ni nyingi upande wa Elburgon, Molo na Mau Narok. Banzi lenyewe ni jembamba, tena mara nyingi limepasuka kwa jua. Usilitegemee. Tafuta nguzo na mbao za mifupa ya nyumba ambazo mabanzi yamepigiliwa. Ni rahisi: fuata mstari wa misumari kwa nje. Skrubu zako ziingie katika mifupa hiyo.

Nyumba ya mabati. Sheria ni ile ile. Bati halibebi kioo. Fremu ya mbao iliyo nyuma ya bati ndiyo itakayobeba.

Nyumba ya udongo. Udongo hata ukisiribwa vizuri hauwezi kushika skrubu. Tafuta nguzo mbili kwa kugonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Penye udongo na fito pana sauti ya wazi, penye nguzo pana sauti nzito iliyojaa. Kisha choma nguzo kwa ncha ya kisu karibu na chini. Kisu kikizama, mchwa wamekutangulia, na nguzo hiyo isibebe kitu. Ikiwa nguzo ni nzima, kama zile za mtarakwa, pigia ubao mmoja mrefu toka nguzo hii hadi ile kwa skrubu, na ubao huo ndio utakaobeba kioo.

Kuta za vyumba vya mjini zilizogawanywa kwa mbao za jipsamu. Nazo zina mifupa ndani, ya mbao au ya bati. Gonga uitafute. Jipsamu peke yake ni kama chaki iliyofunikwa kwa karatasi.

Tena angalia nyufa. Hapa kwetu ardhi yenyewe haitulii. Mwezi wa Machi 2018, baada ya mvua kubwa, ufa mkubwa ulifunuka karibu na Suswa ukakata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok. Ukuta wako ukiwa na ufa, andika kwa penseli alama mwishoni mwa ufa pamoja na tarehe, uungoje msimu mmoja wa mvua. Ufa ukipita alama, ukuta bado unatembea. Mwite fundi kwanza. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, nami naongeza kwamba utanunua na kioo kingine.

TATU: NJIA YA MBAO MBILI

Njia aliyonionyesha yule mzee wa Elburgon ni ya kutumia mbao mbili zinazoshikana. Inafaa kwa ukuta wa mawe, wa matofali na wa mbao, na gharama yake ni ndogo. Utahitaji ubao wa saiprasi mkavu wenye unene wa inchi 1 na upana wa inchi 6, skrubu, plagi, keekee, bisibisi, pimamaji, tepu na penseli. Tena utahitaji mtu wa pili. Usijaribu kuinua kioo kikubwa peke yako.

1. Kagua fremu kwanza. Uzito wote wa kioo hukalia ubao wa chini wa fremu, nao hushikwa na pembe mbili za chini. Pembe zikiwa zimefungwa kwa vijisumari tu, ziongezee vyuma vya pembe na skrubu fupi zisizofika kwenye kioo.

2. Kata ubao urefu wake uwe pungufu ya upana wa fremu kwa inchi mbili. Kisha upasue kwa urefu, katikati, msumeno ukiwa umelala mshazari wa nyuzi 45. Kiwanda cha mbao chochote kitakufanyia kwa dakika chache. Sasa una mbao mbili, kila mmoja una ukingo mmoja wa mshazari.

3. Ubao wa kwanza ni wa ukutani. Ukingo wa mshazari uwe juu, uso mrefu wa ubao uelekee chumbani, uso mfupi uguse ukuta. Hapo kati ya ubao na ukuta patakuwa na mfereji. Mshike mwenzako aushikilie, uweke pimamaji juu yake mpaka kitone kikae katikati, upige mstari kwa penseli.

4. Toboa matundu manne kwenye ubao, mawili karibu na ncha na mawili kati. Yapeleke ukutani. Skrubu moja ikilegea siku moja, tatu zitabaki kazini. Kama ukuta ni wa mbao au wa udongo, matundu yafuate nguzo.

5. Chagua urefu wa skrubu kwa hesabu, usichukue tu zile zilizobaki koponi. Ubao una milimita 25. Plasta ina kama milimita 15. Plagi yenyewe iingie ndani ya jiwe milimita 50. Jumla ni milimita 90, yaani skrubu ya inchi tatu na nusu. Skrubu ya inchi mbili ingepita ubao na plasta, ikalishika jiwe kwa unene wa kidole kimoja tu. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea.

6. Plagi, keekee na skrubu vilingane. Plagi ya milimita 8 hutaka tundu la milimita 8. Plagi inayoingia kwa kusukumwa na kidole kidogo tu ni legevu. Inayotaka kugongwa kidogo kwa nyundo ndiyo iliyo sawa. Skrubu inapokaza, usikie mkono ukizuiwa. Ikizunguka bila kukaza, toa, toboa mahali pengine.

7. Ubao wa pili ni wa nyuma ya kioo. Ukingo wa mshazari uelekee chini, uso mrefu utazame ukuta. Ufunge kwenye mbao za fremu yenyewe, juu na pembeni, wala si kwenye ubao mwembamba wa mgongoni. Pima skrubu zisije zikatokea mbele.

8. Chini ya mgongo wa fremu pigia kipande kingine chenye unene wa inchi 1, ili kioo kisimame wima kisiinamie ukuta. Nafasi hiyo pia hupitisha hewa.

9. Inueni kioo wawili, mkipandishe juu kidogo ya ubao wa ukutani, kisha mkishushe taratibu. Ubao wa kioo utaingia katika mfereji kama ulimi. Kadiri uzito ulivyo mkubwa ndivyo mbao zinavyokazana ukutani.

10. Mwisho, funga vyuma viwili vya pembe mraba ukutani, mguu mmoja wa kila chuma ukipita chini ya fremu na kuigusa. Vyuma hivyo hubeba kutoka chini. Hata mbao za juu zikiachia, kioo bado kina pa kusimama.

Kabla ya kutoboa tundu lolote, tazama swichi na soketi ziko wapi. Nyaya za umeme kwa kawaida hupanda au kushuka wima kutoka hapo ndani ya ukuta. Usitoboe juu yake wala chini yake. Katika chumba cha kuogea jihadhari vivyo hivyo na mabomba ya maji.

UJARIBU KABLA YA KUAMINI

Jambo hili nawasihi msiliruke. Ubao wa ukutani ukiisha kufungwa, usiharakishe kuleta kioo. Ning'iniza juu yake mzigo ulio mara mbili ya uzito wa kioo chako. Kwa kioo cha kilo 30, jerikeni tatu za maji zenye lita 20 kila moja zatosha. Zifunge kwa kamba imara, zigawanywe kwa usawa, ziwe juu ya sakafu kwa inchi chache tu, na watoto wawe mbali. Ziache mchana na usiku. Asubuhi tazama kama ubao umeshuka kutoka mstari wa penseli, au kama plasta imepasuka kando ya skrubu. Kama hakuna kilichobadilika, ukuta wako umefaulu mtihani. Kama umeshuka hata kwa unene wa ukucha, umepoteza usiku mmoja na maji kidogo, na umeokoa kioo.

VIOO VISIVYO NA FREMU

Kioo kisicho na fremu kikalie juu ya reli ya aluminiamu yenye umbo la herufi J, iliyofungwa ukutani kwa skrubu, ndani yake mkiwa na vipande vya mpira. Juu kishikwe na vibanio. Vibanio vya juu kazi yake ni kuzuia kisianguke mbele, visikibane. Ikiwa kioo kina matundu ya skrubu, weka washa ya mpira mbele na nyuma, kaza kwa mkono mwepesi. Kioo hupasuka kwa kukazwa zaidi kuliko kwa kulegezwa.

Wengine hutumia gundi. Jihadharini. Mgongo wa kioo una tabaka jembamba la fedha, ufundi uliotokana na kazi ya mwanakemia Mjerumani Justus von Liebig mwaka 1835, na juu yake pamepakwa rangi ya kuikinga. Gundi ya silikoni inayonuka kama siki hula tabaka hilo, ukaona madoa meusi. Ulizia dukani ile iliyotengenezwa kwa ajili ya vioo. Tena gundi hushika rangi ya ukuta, na rangi ikibanduka kioo hubanduka nayo. Gundi iwe msaidizi wa reli, isiwe peke yake.

Kabla ya kukiweka kioo cha namna hii, bandika mgongoni karatasi ya plastiki yenye gundi kutoka ukingo hadi ukingo. Kikivunjika, vipande vingi vitabaki vimeshikamana badala ya kuruka.

MAHALI PA KUKIWEKA

Usikiweke juu ya kitanda, wala juu ya kiti ambacho mtu hukalia kila siku. Usikiweke nyuma ya mlango unaofungwa kwa kishindo. Usikiweke karibu na jiko, maana mvuke na moshi huharibu fedha ya mgongoni. Katika sehemu za baridi na ukungu kama Molo na Mau Narok, chagua ukuta wa ndani ulio mkavu, usichague ule unaopigwa na mvua.

Sababu nyingine ni ya hapa kwetu hasa. Tarehe 6 Januari 1928 tetemeko kubwa la nguvu ya 6.9 lilitokea Subukia na ardhi ikapasuka. Bonde la Ufa ni lile lile hata leo, na mtetemeko mdogo huja bila kupiga hodi. Malori ya barabara kuu nayo hutikisa kuta kila siku. Kitu kilichotungikwa kwa msumari hutoka kidogo kidogo kwa mitikisiko ya namna hiyo, nawe huoni mpaka siku ya kuanguka.

Hatari kubwa kuliko zote ni kioo kirefu kilichoegemezwa tu ukutani bila kufungwa. Mtoto wa miaka miwili akikishika juu na kujivuta, kinamjia chote. Ikiwa ukuta wako hauwezi kubeba, kisimamishe sakafuni, lakini zuia chini kwa ubao kisiteleze, na juu ukifunge kwenye nguzo kwa ndoano mbili zinazofunga.

SAFARI YA KUTOKA DUKANI

Vioo vingi huvunjika kabla ya kufika nyumbani. Kioo kisafirishwe kimesimama wima kwa ukingo wake, kamwe kisilazwe. Kikilazwa, kila shimo la barabara hukipinda katikati. Kiegemeze kwenye ubavu wa gari, weka blanketi chini na kando, kifunge kisicheze. Vaa viatu vilivyofunika vidole na glavu nzito. Kikikuponyoka, kiache kianguke. Usikidake.

KUKITUNZA

Kifute kwa kitambaa kilicholowana kidogo. Usikimwagie maji, maana maji hushuka yakakaa katika ukingo wa chini na kula fedha. Mara mbili kwa mwaka, kabla ya mvua za masika na kabla ya zile za mwisho wa mwaka, weka mkono chini ya fremu uitikise taratibu. Ikicheza, mwite mwenzako mkishushe, mtazame skrubu. Kagua pia kama mchwa wamepanda.

Msomaji, nyumbani kwangu sasa kuna kioo kingine, kikubwa kuliko kile cha kwanza. Kina mbao mbili, skrubu nne na vyuma viwili chini yake. Nilikijaribu kwa maji usiku mzima, na mke wangu alinicheka alipoona jerikeni zinaning'inia sebuleni. Asubuhi naye alikwenda mwenyewe kuutazama mstari wa penseli. Kigoda nimekihamisha hata hivyo. Binti yangu huvaa viatu vyake upande wa pili wa chumba, kisha huja mbele ya kioo kutengeneza kola yake kabla ya kwenda shule, nami siogopi.

Basi, jioni hii ukirudi kutoka shambani, shika tochi, tazama nyuma ya kioo chako. Ukiona msumari mmoja na kamba, kishushe leo. Usingoje kesho.